Cheti cha daktari kwa mbio za Paris na Venice: nani anataka nini, na daktari aandike maneno gani?

mwendapole_ar

Wakuu habari za leo. Naomba msaada wa wanaoyajua makaratasi ya mbio za Ulaya, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mwanamume, miaka 46, naishi Arusha. Nimelipia marathon ya Paris ya Aprili, na Oktoba nataka ya Venice. Sina meneja wala sikimbilii zawadi, niko klabu ya jogging ya mtaani.

Kuhusu Paris, wengine wanasema lazima cheti cha daktari kilichoandikwa Kifaransa, wengine wanasema siku hizi hakuna cheti, kuna kitu kinaitwa PPS. Venice wao wanataka cheti cha "agonistica" pamoja na Runcard. Nimeulizia hospitali, nikapewa bei ya kifurushi cha vipimo vya mwili mzima: damu, VVU, eksirei ya kifua, ultrasaundi ya tumbo. Vyote hivyo vinahitajika kweli?

Halafu natumia dawa ya presha, losartan ile yenye H. Inaweza kunizuia? Na pasipoti yangu ina majina matatu wakati fomu za usajili zina nafasi mbili tu. Natanguliza shukrani.

---

Nyayo42

Mkuu, zitenganishe hizi nchi mbili kabisa. Ufaransa haimdai tena mtu mzima karatasi ya daktari. Italia inaidai, na inaidai kwa masharti yake. Ukitafuta cheti kimoja cha kukuvusha kote utapoteza hela na muda. Mimi nijibu la Paris, la Italia wapo wanaolijua zaidi.

Mpaka 2023 Ufaransa ilitaka cheti kinachosema huna kizuizi cha kiafya cha kukimbia "katika mashindano", kisichozidi mwaka mmoja siku ya mbio. Fomu hizo za zamani bado zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na ndiyo maana unapata majibu mawili. Sheria ya michezo ya Machi 2022 ilifungua mlango, na 2024 Shirikisho la Riadha la Ufaransa, FFA, likaleta PPS: "Parcours de Prévention Santé". Huo ni mfululizo wa kurasa na video fupi mtandaoni kuhusu hatari za moyo, dalili za kukufanya usimame, na tahadhari kabla ya mazoezi makali. Unapitia, unathibitisha kwamba umeelewa, mwisho unapewa hati yenye namba inayoanza na herufi P.

Namna ya kuifanya: ingia pps.athle.fr, hiyo ndiyo tovuti ya shirikisho lenyewe. Jaza jina la ukoo, jina lako, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe. Pitia hatua zote bila kuruka. Pakua PDF, kisha nakili ile namba na uiweke kwenye akaunti yako ya usajili wa mbio. Mfumo wa waandaaji unailinganisha na kumbukumbu za shirikisho hapo hapo.

Inapokwama karibu kila mara ni kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni jina, na hapa ndipo majina yetu matatu yanapoleta shida. Usijaze kwa mazoea ya shuleni. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini kabisa yenye alama za <<<. Baada ya herufi TZA linakuja jina la ukoo, halafu alama mbili <<, halafu majina yako mengine yakitenganishwa na < moja moja. Kilichoko kabla ya << ndicho unachojaza kwenye "Nom". Kilichoko baada yake ndicho "Prénom". Kama uliposajili mbio uliweka jina la babu upande mmoja na kwenye PPS ukaliweka upande wa pili, mfumo unaona watu wawili na kukataa namba. Rekebisha kwanza akaunti ya mbio ifanane na pasipoti, ndipo ufanye PPS.

Ya pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wafaransa wanaandika siku kwanza, kisha mwezi. Simu iliyowekwa kwa mpangilio wa Kimarekani inaweza kukugeuzia 04/09 ikawa 09/04 bila wewe kugundua. Isome tena kwenye PDF kabla hujafunga ukurasa.

Usiifanye mapema mno. Ilipoanza, PPS ilikuwa bure na ya miezi 3. Masharti ya muda na malipo yamekuwa yakibadilishwa, kwa hiyo ushike ule mwisho wa matumizi uliochapwa kwenye hati yako, usishike alichoambiwa mtu wa mwaka jana. Cha kuangalia ni kama itakuwa hai SIKU YA MBIO. Siku uliyojisajili haihusiki.

Kuchukua namba ya kifuani, nenda na pasipoti yenyewe na uthibitisho wa usajili. Picha ya pasipoti kwenye simu usiitegemee.

---

daktari_wa_zamu

Naongezea la Italia, maana hapo ndipo watu wanatozwa hela nyingi kwa vipimo visivyoulizwa na mtu.

Ndugu mwendapole, kile kifurushi kiache. Kipimo cha VVU, eksirei, ultrasaundi ya tumbo: hakuna hata kimoja kinachotakiwa kwa cheti hiki. Vifurushi vya namna hiyo vimepangwa kwa ajili ya ajira au viza za kazi. Italia inafuata agizo la wizara ya afya la tarehe 18 Februari 1982, na kwa riadha linataka mambo manne:

– daktari akupime mwili: historia, presha, moyo, mapafu, viungo;
– mkojo kamili;
– ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kupumzika NA ECG baada ya zoezi;
– kipimo cha mapafu cha kupuliza.

Lile la tatu ndilo linaloangusha vyeti vya huku kwetu. Ukienda ukasema "naomba ECG" utalazwa, utabandikwa waya, dakika tano umemaliza. Hiyo ni nusu ya kazi. Kwa kijana wa Italia daktari humpandisha na kumshusha kwenye boksi kwa dakika 3, kisha anamlaza tena na kuchukua ECG ya pili. Kwa waliovuka miaka 40, kama wewe, madaktari wa michezo kule hutaka kipimo cha juu, kwenye baiskeli au tredimili, waya zikiwa zimebandikwa, mwendo ukiongezwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo omba kwa maneno haya: "stress test ya tredimili, na ripoti iandikwe." Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanacho kipimo hicho. Kabla ya kusafiri kwenda Dar, ulizia kwanza hospitali za rufaa za kwenu kaskazini.

Maandalizi ya siku ya vipimo ni madogo lakini yana athari. Usikimbie mbio ndefu wala za kasi saa 48 kabla: mazoezi makali huacha protini, na mara nyingine damu, kwenye mkojo, na utaanza kutafutiwa ugonjwa wa figo usio nao. Mkojo uwe wa asubuhi, ule wa katikati ya mkondo, chombo safi. Akina dada wasipime siku za hedhi. Saa 2 au 3 kabla ya tredimili usile chakula kizito, na kahawa iache siku hiyo. Nenda na raba na bukta. Mwenye nywele nyingi kifuani atanyolewa sehemu za kubandika, la sivyo waya zinachezacheza na karatasi inajaa mikwaruzo isiyosomeka. Kwenye kipimo cha mapafu pua inabanwa na kibanio, unavuta hewa mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu zote na kuendelea angalau sekunde 6. Wengi wanaacha sekunde ya pili kwa sababu wanadhani hewa imekwisha, kisha ripoti inasoma kama wana mapafu mabovu.

Dawa zako za presha usiziache siku ya kipimo kwa uamuzi wako. Mwambie daktari unameza nini, saa ngapi, kiasi gani.

Sasa cheti chenyewe. Mbio za Italia huweka kwenye tovuti yao fomu ya afya ya wageni, yenye orodha ya vipimo na nafasi ya daktari. Tumia ILE, usibuni yako. Kama daktari anaandika kwenye karatasi ya hospitali, maneno ya msingi ni haya: "non presenta controindicazioni in atto alla pratica agonistica dell'atletica leggera". Neno "agonistica" ni mashindano, na "atletica leggera" ni riadha. Cheti kinachosema "fit for exercise", "fit to travel" au "anaweza kufanya mazoezi" kitakataliwa hata kama vipimo vyako ni vizuri kuliko vya mtu mwingine yeyote, kwa sababu Italia ina vyeti vya aina mbili, cha mashindano na kisicho cha mashindano, na hicho cha pili hakiingizi mtu kwenye marathon.

Kwenye karatasi viwepo: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya vipimo, jina kamili la daktari, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika (kwa Kenya ni KMPDC), sahihi na muhuri unaosomeka. Na asaini DAKTARI. Tabibu (clinical officer) ni mtu muhimu sana kwenye mfumo wetu, kazi kubwa ya vituo vya afya iko mabegani mwake, lakini fomu hii inataka daktari. Ukipimwa kituo cha afya na tabibu, beba majibu yote umpelekee daktari ayapitie na kusaini yeye.

Cheti kina uhai wa mwaka mmoja tangu siku ya vipimo, na lazima kiwe hai siku ya mbio.

---

iten_asubuhi

Nyongeza kuhusu Runcard, maana vijana wetu wengi wanaingia hapo bila kuelewa.

Runcard ni kadi ya uanachama ya mwaka mmoja inayotolewa na shirikisho la Italia, FIDAL, kwa mtu ambaye hana klabu ya riadha iliyosajiliwa. Unailipia mtandaoni. Peke yake haikuruhusu kukimbia: inafanya kazi ikiwa imeambatana na cheti alichoeleza daktari hapo juu. Kadi bila cheti, hupewi namba.

Njia ya pili ni ya mwanachama aliyesajiliwa na chama cha riadha cha nchi yake kilicho chini ya World Athletics. Huyo anajaza fomu ya kujithibitisha. Kwa Kenya ni Athletics Kenya, kwa Tanzania ni Riadha Tanzania. Klabu ya jogging ya mtaani, hata iwe na jezi na katiba, si uanachama huo mpaka wewe binafsi uwe kwenye daftari la chama cha taifa. Kwa hiyo mwendapole, njia yako ni Runcard.

Sasa kwa wanaokimbilia zawadi, wasome hapa mara mbili. Mwenye Runcard hawezi kupokea zawadi ya pesa Italia. Unaweza kumaliza wa tatu, jina likatoka kwenye matokeo, na bahasha usipewe, na waandaaji watakuwa wamefuata kanuni. Mwanariadha wa ushindani anatakiwa aende kwa mlango wake: barua ya ruhusa kutoka chama cha taifa, kwa kawaida inaombwa na wakala aliyesajiliwa na World Athletics, ikitaja jina la mbio na tarehe. Anayekuambia "panda ndege tu, tutakupangia huko" anakuweka pabaya: huna ruhusa, na ikitokea shida huna wa kukusemea.

Na viza yake ni nyingine. Italia ina viza ya mashindano ya michezo ambayo shirikisho lao na kamati ya Olimpiki yao, CONI, zinahusika. Mkimbiaji wa kujifurahisha anaomba ya utalii.

---

BintiMeru

Kwa upande wa viza nitakuwa mfupi. Maombi ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa na Italia zikiwemo, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri siku 15, miadi yenyewe tu hujaa. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Ambatanisha uthibitisho wa kulipia mbio.

Bima ndiyo watu wanairuka. Inatakiwa ifike angalau yuro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani. Bei rahisi nyingi zinatosha kwa ubalozi, lakini fungua sehemu ya mambo YASIYOFIDIWA, tafuta neno "mashindano" au "michezo". Zipo sera zinazomwacha nje mtu aliyeumia katika mbio zilizoandaliwa. Ubalozi hautakuuliza hilo, hospitali itakuuliza. Kama ipo sentensi hiyo, omba nyongeza ya michezo, na ipatikane kwa maandishi.

Dada au kaka mwenye kijana wa chini ya miaka 18 anayetaka kukimbia mbio fupi Ufaransa: mtoto hafanyi PPS. Mzazi anajaza naye hojaji ya afya. Majibu yote yakiwa "hapana", mzazi anasaini tamko. Likitokea "ndiyo" moja, hapo ndipo cheti cha daktari kinapotakiwa, kisichozidi miezi 6. Na umri una ukomo wa umbali. Marathon ya Paris huanzia miaka 20.

---

daktari_wa_zamu

Nimerudi kwa swali la dawa, nililiacha makusudi kwa sababu ni zito kuliko makaratasi.

"H" kwenye losartan H ni hydrochlorothiazide, dawa ya kukojoza. Dawa zote za kundi hilo zimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wakati wote, ndani na nje ya mashindano, kwa sababu zinaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Bendrofluazide, furosemide, spironolactone ziko kundi hilo hilo. Losartan yenyewe haimo. Amlodipine haimo. Na kanuni inamhusu kila mwenye namba kifuani, hata anayemaliza kwa saa 6. Mtu wa ngazi yako akipimwa anaweza kuomba ruhusa ya matibabu baada ya tukio, kwa hiyo sisemi utafungiwa. Nasema usijiweke kwenye kesi ambayo dakika kumi na daktari wako zinaiondoa.

Kuna sababu inayonigusa zaidi. Dawa ya kukojoza inatoa maji na chumvi. Marathon nayo inatoa maji na chumvi. Ukiongeza kunywa maji matupu kila kituo, chumvi ya damu inashuka, mtu anachanganyikiwa, anatapika, anaanguka. Halafu yule jirani wa mstari wa kuanzia anakupa diclofenac "ya kuzuia maumivu". Losartan, dawa ya kukojoza na diclofenac zikikutana kwenye mwili uliokauka, figo zinaweza kugoma. Mambo haya yanajulikana vizuri hospitalini na bado watu wanameza diclofenac kama pipi asubuhi ya mbio. Usikubali.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wako wiki kadhaa kabla, mwambie unakimbia marathon, muulize kama presha yako inaweza kushikwa bila ile H. Akikubadilishia, pima presha nyumbani wiki mbili tatu, andika asubuhi na jioni. USIIACHE mwenyewe.

Wengine pia: pampu ya pumu ya salbutamol inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuzidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Prednisolone ya vidonge au sindano imekatazwa siku ya mashindano. Tramadol imekatazwa siku ya mashindano tangu Januari 2024.

---

mwendapole_ar

Wakuu Mungu awabariki, nimeelewa mengi. Nimebakiza mawili. Mashine ya ECG ikichapa "abnormal" juu ya karatasi, ndiyo basi nimenyimwa cheti? Na kwa nini Ufaransa waliacha cheti wakati Italia wameshikilia, yupi yuko sahihi? Nisije nikafanya PPS nikajiona nimepimwa.

---

daktari_wa_zamu

La "abnormal" ni swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Maandishi yale ya juu ni ya kompyuta ya mashine, na imefundishwa zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wakimbiaji. Moyo wa mtu anayekimbia kilomita 60 kwa wiki unapiga pole, mara 45 hadi 50 kwa dakika akiwa amelala, na mawimbi yake ni marefu. Kompyuta inaandika "bradycardia" (moyo kupiga pole), inaandika "LVH" (chemba ya kushoto ya moyo kunenepa), mtu anaingiwa hofu. Vigezo vya kimataifa vya kusoma ECG za wanamichezo, vilivyotolewa 2017, vinavihesabu vyote viwili kuwa kawaida ya mwanamichezo, vikiwa peke yake.

Zaidi ya hapo, vigezo hivyo vinatambua kwamba kwa wanamichezo weusi wimbi la T, mojawapo ya mawimbi ya mchoro wa ECG, linaweza kugeuka chini kwenye V1 hadi V4 (waya za kifuani), likitanguliwa na mstari wa ST ulioinuka kama kuba, na hilo nalo likahesabiwa kawaida. Daktari asiyezoea wanamichezo anaweza kulisoma kama ugonjwa. Lakini wimbi hilo hilo likigeuka kwenye V5 na V6 si kawaida kwa mtu yeyote, mweusi au mweupe. Hapo unahitaji echo (ultrasaundi) ya moyo na daktari bingwa kabla ya kukimbia hatua nyingine, kwa sababu inaweza kuwa misuli ya moyo iliyonenepa kwa ugonjwa. Kwa hiyo karatasi ya ECG isiachwe hospitali. Omba nakala yenye mistari yote 12, mwambie msomaji kwamba unakimbia kiasi gani kwa wiki, na kwamba una presha. Kwa mwenye presha, neno "LVH" halipuuzwi kirahisi kama kwa kijana wa miaka 25. Wewe binafsi ningekutaka upate echo hata kama ECG imetulia.

Kuhusu yupi sahihi. Italia walianza kupima kwa lazima zamani, na kwenye mkoa wa Veneto, ambako ndiko Venice iliko, takwimu za 1979 hadi 2004 zilionyesha vifo vya ghafla vya moyo kwa wanamichezo vijana kushuka kwa takriban asilimia 89. Ndiyo maana hawalegezi. Cheti cha zamani cha Ufaransa kilikuwa kitu kingine: mara nyingi daktari alisikiliza kifua, akapima presha, akasaini, ECG hakuna. Karatasi ya namna hiyo haioni mshipa wa moyo ulioziba kwa mtu wa miaka 46. Wakaona bora mkimbiaji mwenyewe azijue dalili. Binafsi naona kipimo cha Italia kinafaa mwili wako zaidi, lakini sehemu moja ya ujumbe wa Wafaransa naitaka kila mtu aikariri: maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ovyo au kizunguzungu wakati wa zoezi ni vya kuripoti kwa daktari, siyo vya kukaza nguvu. Wanasema pia usifanye mazoezi makali ukiwa na homa wala ndani ya siku 8 baada ya mafua makali yenye homa na maumivu ya mwili. Na wanashauri mwanamume aliyevuka miaka 35, mwanamke aliyevuka 45, apimwe kabla ya kuanza michezo mizito. Wewe umevuka 35, tena una presha. PPS haijakupima chochote, umeliona vizuri hilo.

---

Nyayo42

Kwa mpangilio wa tarehe, mwendapole: pima Januari. Cheti cha Januari kitakuwa hai Oktoba, kwa hiyo vipimo vya Venice vinakusaidia na Paris ambako hawaviulizi. Ukipima Novemba mwaka huu, Oktoba ijayo utakuwa umebakiza wiki chache, na Venice ikikushinda ukataka kuhamia mbio ya Novemba au Desemba Italia, cheti kimekufa.

Skani iwe ya rangi, PDF, kurasa zote kwenye faili moja, muhuri uonekane. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono inarudishwa. Cheti chenyewe usikiache nyumbani kwa kuwa umekipakia mtandaoni, kibebe kwenye begi la mkononi pamoja na nakala mbili.

Na wale wanaoulizia mbio nyingine kwa ujumbe wa pembeni: Berlin, London, Boston, New York hawadai cheti cha daktari, unakubali tamko la kwamba uko sawa. Comrades ya Afrika Kusini haidai cheti, inadai muda wa marathon wa kufuzu na umri wa miaka 20. Marathon des Sables kule Morocco inadai cheti kwenye fomu yao pamoja na ECG, vyote vya karibuni kabisa, na vinakaguliwa kambini kabla hujaanza.

---

mwendapole_ar

Januari nimeiandika. Namba ya kifuani ina sehemu ya kujaza nyuma, hapo nijaze nini?

---

daktari_wa_zamu

Kwa peni isiyofutika na maji: jina, namba ya simu ya mtu ATAKAYEPOKEA siku hiyo, ianze na +255. Presha, jina la dawa unayotumia siku hiyo na kipimo chake. Mzio wa dawa kama upo, hasa penisilini. Usimpe mtu mwingine namba hiyo akimbie kwa jina lako, maana akianguka watamtibu kwa maelezo ya mwili wako.